Seti ya tochi ya gesi na oksijeni, kwa kuyeyusha fedha imeipita mbali mashine ya kuchomelea

Wakuu habari, hii seti nina miezi mitano nayo sasa. Kabla sijanunua nilitafuta mtu aliyeitumia kuyeyushia nikakosa, wote wanaisifia kwa mabomba ya friji tu. Mi natengeneza pete na hereni za fedha hapa nyumbani Mbagala, nayeyusha kidogo kidogo, gramu 20, 30, ikizidi sana 50.

Mwanzo nilikuwa natumia inverta ya kuchomelea ya 200A, unabana kijiti cha kaboni kwenye holda, waya wa ethi unaushikiza kwenye kikombe cha grafaiti, unapiga moto. Kuyeyusha inayeyusha, shaba inataka 1085°C na ule moto wa umeme unapita 3000, ila joto lote linakaa sehemu moja, pale chini ya kijiti metali inachemka na pembeni bado ngumu. Halafu vijiti vya dukani vimepakwa shaba juu, usipoivua kwanza inadondokea kwenye fedha yako, na hapo hiyo 925 (fedha ya asilimia 92.5) uliyomwambia mteja siyo 925 tena. Brasi ndo usijaribu kabisa, zinki yake inachemka 907°C, inatoka moshi mweupe, mi niliuvuta usiku nikatetemeka kama nina malaria, kesho yake mchana ikaisha. Mafundi wa mageti wanaijua hii wakichomelea mabati, wanakwambia kunywa maziwa, jamani maziwa hayazuii kitu, fanyia kazi nje penye upepo usivute ule moshi.

Sasa tochi. Moto wake unakizunguka kikombe chote, fedha inayeyuka 961°C, gramu 30 nachukua dakika mbili tatu inakuwa inazunguka kama zebaki. Oksijeni punguza kidogo moto uwe laini, maana fedha ikiwa maji inanyonya oksijeni na ikianza kuganda inaitema, unapata kipande chenye vipele na matundu. Kikombe kipya cha udongo kipashe kwanza na boraksi (unga mweupe wa kulehemia) mpaka ndani king'ae kama kioo, la sivyo fedha inanasa kwenye ukuta. Na kalibu ya kumiminia ipashe moto kabla, hata unyevu kidogo tu ukibaki ule mvuke unarusha metali usoni.

Lawama ninayo. Regulata ya oksijeni, ile ya kupunguza presha ya mtungi, ilivuja siku ya kwanza, niligundua kwa povu la sabuni, nikairudisha dukani muuzaji ananiambia paka grisi kwenye nyuzi kisha kaza. GRISI! Kwenye oksijeni ya presha! Mafuta yakikutana na oksijeni ya presha yanawaka yenyewe, mtu anauza vifaa hivi na hajui hilo, iliniuma sana, nikang'ang'ana mpaka wakabadilisha. Pia seti haina vali za kuzuia moto kurudi kwenye hosi, nimenunua pembeni mbili, na mi naona bila hizo usiwashe kabisa.

Gharama, seti laki tatu na ishirini, mtungi wa oksijeni nakodi, gesi ni ileile ya kupikia. Kumbuka gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini sakafuni, kwa hiyo chumba kilichofungwa hapana, mi nafanyia kibarazani na watoto wakiwa ndani. Miwani ya giza namba 5 inatosha kwa tochi, kwa moto wa umeme vaa helmeti namba 10 au zaidi.

Nyota nne, moja nimekata kwa ajili ya regulata na vali. Inverta sijaiuza, nayeyushia shaba ya nyaya siku mtungi umeisha. Ncha zinakuja tatu, ya kuyeyushia ni ile kubwa, ndogo kabisa nimeiweka kwa kulehemu viungo vya pete na hiyo inafanya kazi safi sana.