Rejeta ndogo ya hita kwa Hilux ya zamani: ipi ununue ukiwa Tabora, na kazi ya fundi uipimeje

Tabora hakuna anayewasha hita kujipasha moto, labda alfajiri za Juni na Julai. Ndiyo maana rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ambamo maji ya moto ya injini hupita, husahaulika mpaka siku zulia la upande wa abiria linapolowa. Kwa Toyota Hilux za 1988 hadi 1997, hasa za dizeli zenye injini ya 2L au 3L (hayo ni majina ya injini, si lita), hilo si jambo la kuahirisha. Mji huu uko mwinuko wa karibu mita 1,200, na kwenye mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko wa rejeta wenye presha ya bar 0.9 ndio unaoyazuia yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Rejeta ndogo ikivuja presha inapotea, maji yanachemka mapema, na silinda hedi za injini hizi zinajulikana kwa kupasuka zikizidiwa na joto. Kifaa unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja kinakugharimu injini.

Kabla ya kuulizia bei, hakikisha kinachovuja ni chenyewe. Maji kwenye zulia huwa na vyanzo vitatu: rejeta ndogo, bomba la kutolea maji ya AC lililoziba, au mvua inayopenya chini ya kioo cha mbele. Maji ya AC ni meupe, hayana harufu, na huja ukiiwasha tu. Ya mvua huanza Novemba na kukoma Aprili. Ya rejeta ndogo huteleza ukiyasugua kati ya kidole gumba na cha shahada, hunukia utamutamu ikiwa gari lina kulanti (dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji), na huacha ndani ya kioo ukungu wa mafutamafuta usiotoka kwa kitambaa kikavu. Gari linalojazwa maji ya kisima peke yake halitoi harufu hiyo. Hapo tafuta doa la kutu kwenye zulia. Fundi mwenye pampu ya kupimia presha huifunga mdomoni mwa rejeta kubwa injini ikiwa baridi, hupandisha hadi bar 0.9 na kusubiri dakika 15. Mshale ukishuka huku chini ya boneti pakavu, huenda jibu liko ndani ya kabini. Anayefungua dashibodi bila kipimo hiki anabahatisha, na bahati nasibu hiyo unailipia wewe.

Dukani utaonyeshwa aina tatu. Mpya ya alumini ni nyepesi na hutoa joto vizuri. Udhaifu wake ni mmoja, lakini mkubwa: mirija yake ni membamba na haivumilii maji matupu. Maji yenye chumvi huila kutoka ndani na kuacha vitundu vya ukubwa wa ncha ya sindano, ambavyo hakuna fundi wa kuviziba vikadumu. Gari linaloongezwa maji ya kidumu chochote njiani kwenda Urambo au Kaliua lisifungwe alumini. Gari ambalo mwenyewe ana nidhamu ya kulanti, alumini inalitosha kabisa.

Ya shaba ni nzito zaidi, imeunganishwa kwa lehemu, na faida yake kubwa ni kwamba inatengenezeka. Mara nyingi huvuja pale bomba linapoingia kwenye tenki, kwa sababu ya mtikisiko wa barabara za vumbi na mikono ya mafundi wanaovuta mipira kwa nguvu. Kiungo hicho fundi rejeta hukisafisha mpaka shaba ing'ae, halafu akakilehemu upya, na kazi ikifanywa vizuri inadumu miaka. Lakini uvujaji ukiwa katikati, kwenye mirija yenyewe, usilipie kiraka. Mrija ukishatoboka, jirani zake nao wamelika kiasi hichohicho. Kwa pikapu ya kubebea tumbaku na magunia, shaba ndiyo tunayoipendekeza, hata ikibidi kusubiri iletwe kwa basi kutoka Dar es Salaam.

Ya mtumba ni mbuzi kwenye gunia mpaka uipime, na kipimo chake ni rahisi kiasi kwamba muuzaji anayekikataa umuache na mzigo wake. Omba ndoo ya maji. Ziba bomba moja kwa kizibo cha mpira, ingiza upepo wa bar 1 kwenye bomba la pili, usizidishe 1.5, kisha izamishe yote. Subiri dakika mbili nzima. Mapovu ya kwanza hutoka kwenye mapezi kwa sababu hewa ilinaswa humo, hayo yapuuze. Yanayoendelea kutoka sehemu moja, moja moja kama shanga, ndiyo ya kukimbia. Baadaye mimina maji bomba moja na uangalie yanavyotoka la pili. Yakitoka kwa kudondoka, ndani mna ukoko. Unga wa kijani au mweupe kwenye kiungo cha bomba na tenki ni dalili kwamba lehemu imeanza kuachia, hata kama ndoo haikuonyesha kitu.

Kwa aina yoyote, nenda dukani na namba ya chesisi pamoja na rejeta ndogo ya zamani mkononi. Linganisha urefu, upana, unene, na zaidi ya yote pembe ya mabomba mawili yanayotoka kwenda injini. Gari lenye usukani wa kushoto linaweza kuwa na mabomba yaliyopinda upande mwingine. Bomba lililokosa mahali pake kwa sentimita moja fundi atalikunja, na kulikunja ndiyo kuvunja lehemu kabla gari halijatoka gereji.

Unga wa kuziba uvujaji usitie. Hauchagui tundu: unaziba pia mirija ya rejeta kubwa.

Sasa kazi yenyewe. Fundi wa kumwamini utamtambua kwenye mipira miwili inayoingia ukuta wa kati ya injini na kabini. Mpira wa miaka mingi umegandana na bomba. Fundi mbaya huushika kwa plaizi na kuuzungusha. Fundi mzuri hulegeza klipu, huupasua mpira kwa wembe kwa urefu, akiuegemeza wembe asichane bomba, kisha huufungua kama ganda la muhogo. Mpira mpya ni kitu kidogo ukilinganisha na kiungo cha shaba kilichochanika. Mipira ya hita ya magari haya ni ya milimita 16 kwa ndani. Nunua mita mbili za mpira wa hita unaostahimili joto, si wa mafuta na si wa bustani, pamoja na klipu nne mpya za skrubu.

Mipira ikishatoka, bomba moja lipulizwe kwa mdomo ili maji yaliyobaki yatokee la pili kwenye chombo, la sivyo yatamwagikia zulia rejeta ikichomolewa. Waya hasi wa betri uwe umeshatolewa. Sanduku la hita liko katikati nyuma ya dashibodi. Droo ya mbele ya abiria, redio, paneli za chini na mifereji ya hewa hutangulia kutoka. Plastiki za umri huu zimekauka na hukatika zikivutwa, kwa hiyo siku ya jua ni bora kuliko asubuhi ya baridi. Fundi anayerusha skrubu zote kwenye kopo moja atakurudishia dashibodi inayopiga kelele, maana za urefu tofauti zitaingia mashimo yasiyo yake.

Sponji inayoizunguka rejeta ndani ya sanduku isirudishwe ya zamani. Imeshageuka vumbi. Bila sponji rejeta inacheza, inasuguana na plastiki, na barabara ya mawimbi inamalizia kazi. Majani na vumbi vilivyojaa sandukuni vitolewe wakati huohuo.

Kabla ya kufunga mpya, mfumo mzima usuuzwe kwa maji mpaka yatoke meupe. Kutu ya injini ikiachwa itahamia kwenye mirija mipya. Na kuna kipimo kimoja ambacho gereji nyingi hukiruka: multimita, kifaa cha kupimia umeme. Ncha hasi kwenye kichwa hasi cha betri, ncha chanya izamishwe kwenye maji ya rejeta bila kugusa chuma, injini ikiwaka, taa na feni zikiwa zimewashwa. Ikisoma zaidi ya volti 0.3, umeme unapita kwenye maji kwa sababu waya wa edhi umeoza, na rejeta yoyote utakayofunga italiwa. Vivyo hivyo, mapovu yasiyokoma rejetani injini ikiwaka yanaelekeza kwenye gasketi ya hedi. Hilo litengenezwe kwanza.

Kwa kujaza, andaa lita 10 za mchanganyiko: 5 za kulanti isiyochanganywa na 5 za maji yaliyosafishwa kwa mvuke. Ukiagiza "maji ya betri" soma chupa, kwa sababu asidi nayo huuzwa kwa jina hilohilo. Kiasi kitakachobaki kitunze ndani ya gari kwa kuongezea. Lisimamishe kwenye mwinuko pua ikiwa juu, sukuma wenzo wa hita mpaka kwenye joto kali ili valvu ifunguke, jaza polepole huku ukiminyaminya mpira wa juu wa rejeta. Washa injini, iache kwenye mizunguko 1,500 hivi kwa dakika mpaka hita itoe hewa ya moto kweli. Ikitoa vuguvugu wakati geji imefika katikati, bado kuna hewa ndani.

Wapo wanaouliza kama inafaa kuiruka rejeta ndogo kabisa, maji yasipite humo. Inafaa, na kwa Tabora ni huduma halali, mradi mteja aelezwe anachopoteza: joto la kufuta ukungu kiooni usiku wa mvua, na ile njia ya dharura ya kumwaga joto la injini kwa kuwasha hita geji inapopanda. Ifanywe kwa mpira mmoja unaotoka kwenye tundu la injini na kurudi kwenye bomba la kurejeshea, ukiwa na mzunguko mpana usiokunjika, mbali na feni na ekzosi. Kuziba kila upande kwa bolti iliyokazwa ndani ya mpira tunakukataa, maana mpira huo ukichoka hutema bolti na maji yote kwa mara moja. Iwe umeiruka au umefunga mpya, klipu zote zikazwe tena baada ya kilomita 100, injini ikiwa imepoa.