Konsoli Ndogo za Gemu za Zamani: Mteja Wake Halisi ni Nani?

Karibuni, watazamaji. Leo mezani nina mashine tatu: NES Classic ya Nintendo, Mega Drive Mini ya Sega na PlayStation Classic ya Sony, ambazo zote kwa pamoja zinaenea ndani ya boksi moja la viatu. Wengi wenu mmeniuliza kama zinafaa kununuliwa. Swali hilo siwezi kulijibu kabla ya kujibu jingine linalolitangulia, nalo ni kwamba wahandisi walipokaa kuzibuni mashine hizi walikuwa wanamfikiria nani. Ukizichunguza kwa makini, zinamtaja mteja wake waziwazi kupitia vitu vilivyowekwa na vitu vilivyoachwa, na mteja huyo mara nyingi si yule mtoto anayenunuliwa moja kama zawadi ya sikukuu.

Tuanze na NES Classic, kwa kuwa ndiyo iliyowasha moto huu. Ilitoka Novemba 2016 kwa bei ya dola 60 za Marekani, ikiwa na gemu 30 zilizowekwa ndani tangu kiwandani. Haipokei kaseti, haiunganishwi na intaneti, na haina duka la kuongezea gemu nyingine. Mashine inayoiga ilianza kuuzwa Japani mwaka 1983 kwa jina la Famicom, ikaingia Marekani mwaka 1985 kwa jina la Nintendo Entertainment System, na hatimaye ikauzwa zaidi ya milioni 60 duniani kote. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Mtoto wa Marekani aliyepewa mashine hiyo akiwa na umri wa miaka 8 mwaka 1987 alikuwa ametimiza miaka 37 wakati NES Classic inaingia madukani. Ana kazi, ana mshahara wake, huenda ana watoto wa umri ule ule aliokuwa nao yeye, na dola 60 kwake si fedha ya kumwomba mtu ruhusa. Mteja ndiye huyo, na kila kitu kwenye mashine hii kinamwelekea yeye.

Naileta karibu na kamera ili muone. Hapa mbele pana kifuniko. Kwenye mashine ya zamani ulikuwa unakiinua, unaisukuma kaseti ndani, kisha unaibonyeza chini mpaka inase. Kwenye hii ndogo kifuniko ni mchoro tu kwenye plastiki. Hata ukikichokonoa kwa ukucha hakifunguki. Tazameni sasa vitufe viwili vilivyo chini yake, Power na Reset, ambavyo vinabonyezeka kwelikweli, na kile cha Power kinabaki kimezama ndani ukishakibonyeza, vile vile kama zamani. Pedi nayo haikupunguzwa hata kidogo: mwili wa mashine unatosha kwenye kiganja, lakini pedi ni ya ukubwa ule ule wa mwaka 1985, yenye pembe zile zile za mraba zinazochoma kiganja ukicheza muda mrefu. Kampuni ingeweza kabisa kuzilainisha pembe hizo. Haikufanya hivyo, kwa sababu pedi ndiyo sehemu pekee ya mashine ambayo mikono ya mteja huyu inaikumbuka.

Mpangilio wa picha unatoa ushahidi mwingine. Kuna chaguo tatu, na moja kati yake linaongeza mistari na ukungu kwenye picha ili televisheni bapa ya leo ionekane kama ile ya kioo kinene ya miaka ya 80. Mtu ambaye hajawahi kuketi mbele ya televisheni ya namna hiyo ataona picha imeharibika na atalizima chaguo hilo mara moja. Aliyekulia mbele yake ataliwasha, na pengine hataligusa tena. Upande wa pili, mashine inakuruhusu kuisimamisha gemu mahali popote na kuihifadhi, nafasi nne kwa kila gemu, jambo ambalo Super Mario Bros. ya zamani haikulijua kabisa. Zamani ukizima umeme, ulianza upya. Uwezo huo umewekwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye nusu saa ya kupumua baada ya watoto kulala, na mimi nauheshimu, kwa kuwa ni mahali pachache ambapo mtengenezaji alifikiria maisha ya mteja ya leo na si ya utotoni mwake tu.

Hata hivyo, kwa mtu anayetaka kucheza hasa, mashine hii ina kasoro ambayo siwezi kuifumbia macho. Waya wa pedi una urefu wa sentimita 76 hivi. Msije mkadhani kwamba huo ni uaminifu kwa mashine ya zamani, kwa maana waya wa zamani ulizidi mita 2. Tena ukitaka kubadilisha gemu ni lazima uinuke ubonyeze Reset kwenye mashine yenyewe, kwa kuwa pedi haina kitufe cha kukurudisha kwenye orodha. Ama ukae sakafuni chini ya televisheni, ama uvute waya wa HDMI mpaka katikati ya sebule. Uamuzi wa namna hii haufanyiki kwenye bidhaa iliyokusudiwa kuchezwa kila jioni. Unafanyika kwenye bidhaa iliyotarajiwa kuwashwa wikiendi moja au mbili, kisha irudi kwenye rafu ikatazamwe. Mwaka uliofuata SNES Classic, konsoli ndogo nyingine ya Nintendo, ilikuja na waya wa takriban mita 1.5, kwa hiyo malalamiko yalisikika.

Huko Japani jambo hili lilisogezwa mbali zaidi. Famicom Mini, yaani toleo la Kijapani la NES Classic, ilipunguzwa pamoja na pedi zake, ambazo zimeunganishwa moja kwa moja na mashine kama zilivyokuwa mwaka 1983, na vitufe vyake ni vidogo mno kwa kidole gumba cha mtu mzima. Mwaka 2018 likatoka toleo la rangi ya dhahabu lenye gemu 20 zinazotokana na hadithi za jarida la Shonen Jump, lililokuwa linatimiza miaka 50. Hapo mteja amebainishwa kwa usahihi wa kushangaza: ni Mjapani aliyekuwa akisoma jarida hilo kila wiki na kucheza Famicom baada ya kutoka shule.

Kipeo cha yote ni Game Gear Micro, iliyotolewa na Sega nchini Japani pekee Oktoba 2020, mwaka ambao kampuni hiyo ilikuwa inaadhimisha miaka 60. Zilikuwa rangi nne, kila rangi ikiwa na gemu nne tu, na skrini yake ni ya inchi 1.15. Game Gear halisi, mashine ya kushika mkononi ya Sega, ilikuwa na skrini ya inchi 3.2, ambayo nayo ilionekana ndogo kiasi kwamba kiliuzwa kioo cha kukuzia. Na Sega, kwa kumbukumbu nzuri kabisa, ikawapa kioo kama hicho cha ukubwa mdogo wale walionunua rangi zote nne pamoja. Maandishi ya gemu za mafumbo au za safari ndefu kwenye skrini ya namna hiyo hayasomeki kwa raha. Kile ni kipambo kinachowaka, na Sega haikumdanganya mtu kuhusu hilo.

Lakini Sega hiyo hiyo ndiyo iliyotengeneza mashine ninayoiona bora katika kundi hili lote. Mega Drive Mini ilitoka Septemba 2019 ikiwa na gemu 42, na kazi ya kuzifanya gemu za zamani ziende sawasawa ndani yake ilikabidhiwa M2, studio ya Kijapani inayoheshimika sana katika fani hii. Kifuniko cha tundu la kaseti kinafunguka, ingawa ndani yake hamna kitu. Kidude cha sauti kinasogea juu na chini, ingawa hakibadilishi sauti. Mtu mwenye haraka atasema ni upuuzi. Mimi naona mtu fulani alikaa akajiuliza mtoto wa mwaka 1990 alikuwa akichezea nini kwa vidole wakati anamsubiri kaka yake amalize zamu, akajibu kwa plastiki. Na hakuishia kwenye plastiki: ukibadilisha lugha ya menyu kuwa Kijapani, picha za maboksi ya gemu zinageuka kuwa za Kijapani, na baadhi ya gemu zenyewe zinabadilika kuwa matoleo ya kule. Hapa mkusanyaji na mchezaji wameketishwa meza moja, jambo ambalo Nintendo hawakulifanikisha kwa kiwango hiki.

Sasa PlayStation Classic. Iliuzwa kuanzia tarehe 3 Desemba 2018, siku na mwezi ule ule ambao PlayStation ya kwanza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1994, kwa dola 100 na gemu 20. Kwa umbo ni nzuri mno. Kifuniko cha diski hakifunguki, lakini kitufe cha Open kinafanya kazi: ukicheza Final Fantasy VII, ambayo ilikuwa na diski tatu, ndicho unachobonyeza kubadilisha diski ya kufikirika. Tatizo linaanza ukishawasha. Kampuni iliyobuni PlayStation yenyewe ilitumia programu huria ya kuiga mashine za zamani iitwayo PCSX ReARMed, iliyoandikwa na watu wa nje, na gemu tisa kati ya zile ishirini zikawekwa katika matoleo ya mfumo wa PAL wa Ulaya, yanayoonyesha picha 50 kwa sekunde badala ya 60. Tekken 3, gemu ya kupigana, ni mojawapo. Mtu aliyezoea kasi ya picha 60 anahisi ngumi inakawia kabla hata hajajua sababu. Kwa hiyo Sony ilimlenga mteja yule yule mwenye kumbukumbu, kisha ikamuuzia kitu ambacho kumbukumbu yake ilikikataa. Na bei, ndani ya wiki chache, ikashushwa mpaka dola 60, na baadaye chini ya 40. Linganisheni na NES Classic: ilikuwa imeuza milioni 2.3 kufikia Aprili 2017, na walanguzi walikuwa wakiiuza mtandaoni kwa mamia ya dola.

Nimewazungumzia Wajapani na Wamarekani kwa muda mrefu kwa sababu bidhaa hizi ni za kwao kabisa. Wengi wetu Afrika Mashariki hatukuikuta Nintendo yenye nembo. Tulikuta mashine za kuiga kutoka China zenye kaseti za njano zilizoandikwa gemu 999, ambazo ukishuka kwenye orodha unakuta ni gemu zile zile zinajirudia kwa majina mengine. PlayStation tuliijua zaidi, ila wengi tuliijua kwenye vibanda, tukilipia kwa mechi au kwa dakika, aliyefungwa anatoka na anayefuata anakaa. Kilichochezwa huko kwa kiasi kikubwa kilikuwa mpira, hasa Winning Eleven. Orodha ya PlayStation Classic haina hata gemu moja ya mpira wa miguu. Silaumu, kwani hawakuwa wanatufikiria, lakini ndugu zangu mnaotaka kuagiza mashine hii kutoka nje mkitarajia kurudi kwenye kibanda cha mtaani kwenu, ninawaambia wazi kwamba hamtakikuta humo, na gharama ya usafirishaji na ushuru mtakuwa mmeshailipa.

Kwa mtoto wa leo, jibu langu ni hapana. Mtoto anataka gemu ambazo wenzake wanazicheza, na gemu 30 zisizoongezeka zitamchosha kabla hajaizoea pedi. Kwa anayependa gemu za zamani zenyewe, bila kujali plastiki ya nje, kuna njia nafuu zaidi: tangu Septemba 2018 wenye Nintendo Switch wamekuwa wakipata gemu za NES kwa usajili wa dola 20 kwa mwaka, na orodha hiyo imekuwa ikiongezeka. Kwa aliyewahi kuimiliki mashine halisi, au aliyeitamani kwenye dirisha la duka akiwa mdogo na wazazi wakashindwa kumnunulia, jibu ni ndiyo bila kusita, na achukue Mega Drive Mini kabla ya nyingine yoyote ikiwa Sega ndiyo aliyoipenda. Huyo wa pili huwa anasahaulika, na mimi namweka mbele, kwa sababu deni la namna hiyo linakaa rohoni miaka mingi.

Kabla hamjatoa fedha, angalieni boksi. Madukani na mtandaoni zimejaa mashine zenye umbo la NES Classic zilizoandikwa gemu 620, nyingi zikiwa na matundu mekundu, meupe na ya njano ya televisheni za zamani. Zipo pia zenye HDMI, kwa hiyo HDMI peke yake isiwe uthibitisho. Halisi ina gemu 30, si zaidi, na ncha ya waya wa pedi yake ni bapa, ya aina ile ile iliyotumika kwenye Wii, konsoli nyingine ya Nintendo. Hizo za 620 zinakosea muziki wa gemu nyingi, na gemu zake nyingi zinajirudia kama kwenye kaseti zile za njano. Ukiuziwa kwa bei ya mashine ya kuiga, ukijua ni ya kuiga, sina neno. Ukiuziwa kwa bei ya Nintendo, irudishe siku hiyo hiyo.