Kuficha Sayari Mezani: Uzoefu Wangu na Star Wars: Rebellion

Michezo mingi ya vita vya angani humgawia kila mchezaji jeshi lake, kisha huwaacha wagombane mpaka mmoja aishiwe. Star Wars: Rebellion, mchezo wa mezani uliobuniwa na Corey Konieczka na kutolewa na Fantasy Flight Games mwaka 2016, umekataa usawa wa namna hiyo tangu mwanzo. Anayeshika Himaya, utawala wa kidikteta wa galaksi, ana manowari, wanajeshi na hata Death Star, kituo kikubwa cha angani chenye uwezo wa kuangamiza sayari, ilhali anayeshika Waasi ana vikosi haba na siri moja, yaani jina la sayari ilipo kambi yake. Himaya ikiigundua sayari hiyo na kuiteka, mchezo umekwisha. Nimeucheza kwa pande zote mbili, na maoni yangu yanahusu zaidi siri hiyo kwa sababu ndiyo inayoubeba mchezo mzima.

Ubao una sayari 32, nyingi zikiwa majina yanayofahamika kwa wapenzi wa ulimwengu huu: Tatooine, Naboo, Hoth, Kashyyyk, Mon Calamari. Kila sayari ina kadi yake ya upelelezi isipokuwa Coruscant, makao makuu ya Himaya, ambako hata mwasi mwenye ujasiri wa kupindukia hawezi kujificha. Mwasi huchagua kadi moja kati ya hizo 31 na kuiweka kifudifudi, na kuanzia hapo vikosi vyake vya kambini hukaa kwenye nafasi ya pekee iliyochorwa ubaoni. Adui anaviona na anaweza kuvihesabu, lakini hajui viko juu ya sayari gani. Uamuzi huo mdogo wa kiubunifu ndio ulionivutia kuliko vinyago vyote vya plastiki vilivyomo kisandukuni, ambavyo vinazidi 150.

Kila mzunguko Himaya huchukua kadi mbili za upelelezi, na kila kadi humwambia mahali ambapo kambi haipo. Ukipiga hesabu, utaona kwamba kadi 30 zilizobaki zingemalizika katika mizunguko 15 bila mtu kurusha hata meli moja. Hata hivyo, kwenye mstari wa namba uliopo ubaoni, alama ya muda huanza kwenye 1 na kupanda, alama ya sifa ya Waasi huanza kwenye 14 na kushuka kila wanapotimiza malengo yao, na zikikutana Waasi wameshinda. Mwasi, basi, hahitaji kuishinda Himaya vitani. Anahitaji kuichelewesha huku akitenda mambo ya kutosha kuivutia galaksi upande wake. Mvutano wote wa mchezo umo humo, kwa kuwa kila tendo linaloishusha alama ya sifa humtoa mwasi mafichoni kidogo.

Uchaguzi wa sayari ya kuficha unastahili kuzungumzwa kwa kirefu. Mchezaji mgeni hukimbilia Dagobah au Dathomir, akiamini kwamba mahali pasipo na wakazi ndipo penye usalama. Kuna mantiki katika hilo, kwa sababu sayari tupu haina viwanda na Himaya haipati chochote kwa kuikalia. Lakini utupu huo huo unajitangaza, kwani kikosi kidogo cha Himaya kikitua hapo mapema hakina sababu nyingine isipokuwa kukagua, na kukagua sayari chache za namna hiyo hakuigharimu sana. Sayari yenye watu, kwa upande wake, ina viwanda ambavyo Himaya inavitaka kwa ajili ya kuunda meli, kwa hiyo inaweza kuvamiwa na mtu ambaye hata hakuwa akikutafuta. Mimi hupendelea sayari ya pembeni yenye watu na uzalishaji hafifu, ambayo nina kisingizio cha kuonekana karibu nayo na ambayo mpinzani ataiweka mwishoni mwa orodha yake ya mambo ya kuteka.

Kwa upande wa Himaya, raha iko kwenye kusoma alama. Katika mchezo mmoja mpinzani wangu alitoa ndege za X-wing na meli ya usafirishaji kambini ili kuikomboa Ryloth, na akafanikiwa. Tatizo lake ni kwamba vikosi vya kambini vinaweza kutokea tu kwenye sayari yenye kambi au kwenye sayari jirani nayo, kwa hiyo ushindi huo ulinipunguzia galaksi nzima hadi Ryloth na majirani zake. Nilipotandaza kadi nilizokwisha kuzichukua, zilibaki sayari mbili. Niliielekeza manowari moja kila upande, na kabla sijafika yeye akaitumia kadi ya misheni ya kuhamisha kambi, ambayo huwa mkononi mwa Waasi tangu mwanzo. Kambi ya zamani ikafichuliwa, ikiwa mojawapo ya zile mbili, na mimi nikabaki na meli nyingi katika pembe ya galaksi isiyokuwa na maana tena.

Jambo hili linaendana vizuri na simulizi lenyewe. Katika ulimwengu wa Star Wars sayari ya Kamino ilifutwa kwenye kumbukumbu za Jedi, yaani walinzi wa amani wa galaksi, lakini nguvu yake ya mvutano iliendelea kuonekana kwenye ramani, na hivyo ndivyo ilivyopatikana. Wanaastronomia halisi waliwahi kufanya kazi ya aina hiyo: Neptune ilionwa na Johann Galle mwaka 1846 karibu kabisa na mahali alipopaonyesha Urbain Le Verrier kwa hesabu, kutokana na jinsi mwendo wa Uranus ulivyokuwa ukivurugika. Rebellion haina fizikia ya namna hiyo, ila inamfanya mchezaji wa Himaya afikiri hivyo hivyo, akitazama vitu vinavyoonekana ili kukisia kisichoonekana.

Kinachomzuia Himaya asiifagie galaksi yote kwa wingi wa meli ni uhaba wa viongozi, yaani wahusika wanaotekeleza misheni na kuongoza majeshi. Kila mwanzo wa mzunguko wachezaji huwapangia viongozi wao misheni kwa kadi zilizofunikwa, na kila unapotaka kusogeza majeshi lazima umtume kiongozi mwingine aliyebaki. Kiongozi huyo hubaki pale alipotumwa hadi mwisho wa mzunguko, na vikosi vilivyo naye haviwezi kuondoka. Ndiyo maana Darth Vader, kiongozi wa Himaya, aliyetumwa kumkamata Leia wa Waasi hapatikani kwa ajili ya kuongoza uvamizi, na Himaya yenye manowari kila kona hujikuta haina mtu wa kuzisogeza. Wapo watakaoona kanuni hii inabana mno, lakini bila hiyo kambi isingedumu.

Sehemu niliyoipenda kidogo kuliko zote ni mapigano. Kete ni nyekundu na nyeusi kulingana na aina ya shabaha, kuna kadi za mbinu za angani na nyingine za ardhini, na vita vya angani na vya ardhini hupiganwa kwa zamu ndani ya pambano moja. Hakuna kilicho kigumu hasa, ila pambano kubwa huusimamisha mchezo kwa muda mrefu mno wakati akili za wote wawili bado ziko kwenye msako. Nyongeza ya Rise of the Empire, iliyotoka mwaka 2017, ilibadilisha utaratibu huo ili wachezaji wachague kadi zao za mbinu badala ya kutegemea bahati ya kuzivuta, na ikaleta pia viongozi kama Jyn Erso na Krennic. Kwangu mimi mapigano ya nyongeza ndiyo yaliyopaswa kuwemo tangu awali, ingawa sishauri mtu aanze nayo kabla hajazoea kanuni za msingi.

Muda pia ni wa kuuzingatia. Mchezo huchukua saa tatu hadi nne, na wanaoucheza kwa mara ya kwanza watazidi hapo. Unaruhusu hadi watu wanne, wakigawana upande mmoja kati ya jenerali na admirali, lakini nimeona unapungua makali ukichezwa hivyo. Waasi wawili wanaopanga mahali pa kujificha lazima wanong'onezane au waashiriane, na mpinzani makini huwasoma machoni kuliko anavyosoma kadi zake. Wakiwa wawili tu mezani, mwasi ananyamaza na siri yake, na jambo pekee analopaswa kujifunza ni kutoitazama sayari yake mara nyingi mno, wala kuikwepa kwa macho kiasi cha kumfanya mpinzani ajiulize kwa nini hajawahi kuitazama.