Picha za sinema za kisayansi zisizo na ngumi: nne za kuangalia Dar, na namna ya kuziangalia

Kwenye kibanda umiza chochote, kiwe Manzese au Mbagala, mtu akiuliza picha ya leo ikoje anataka kujua mambo mawili: steringi nani, na anapigana na nani. Zipo picha za kisayansi ambazo swali la pili halina jibu. Hakuna wa kupigwa. Adui ni muda, au hewa inayokwisha, au hesabu iliyokosewa, na bado dakika zake za mwisho zinakausha mate kuliko picha nyingi za makomando. Hapa tunapima nne: Interstellar (2014), Gravity (2013), Arrival (2016) na Pumzi (2009). Miisho tunaisema wazi, kwa hiyo asiyetaka kujua akaangalie kwanza.

Interstellar ya Christopher Nolan ni dakika 169, na sehemu yenyewe inakuja saa mbili zikiwa zimeshapita. Daktari Mann, mwanaanga aliyekwisha kuwageuka wenzake, anajaribu kuunganisha chombo chake kidogo na chombo kikubwa, Endurance. Vifungio havijashika sawasawa. Mashine inamwonya, haisikilizi, anafungua mlango. Hewa inafumuka, naye anaondoka nayo sentensi ikiwa mdomoni. Endurance inabaki imechanika ubavu, inazunguka mara 67, 68 kwa dakika huku ikiporomoka kuelekea sayari.

Kinachofuata ni kazi ya fundi tu. Cooper, rubani na steringi wa picha, lazima akipeleke chombo chake hadi mkabala na mlango wa Endurance, akizungushe kwa kasi ileile, alinganishe mlango na mlango, kisha asogee taratibu mpaka vifungio vishike. Basi. Hakuna risasi hata moja. Lakini piga hesabu: 67 kwa dakika ni zaidi ya mzunguko mmoja kila sekunde. Simama uani, nyoosha mikono, jizungushe hivyo mara tano, halafu jaribu kuchomeka ufunguo kwenye kitasa.

Kwa nini sehemu hii inabana kifua? Kwa sababu mtazamaji ameshaiona kazi hiyohiyo ikifanywa. Mwanzoni mwa safari kuna kuunganisha vyombo kwa utulivu, taratibu, bila kosa, na wengi hapo huinuka kwenda kununua soda. Hilo ndilo somo. Tumeonyeshwa kazi inavyotakiwa kwenda, tukaambiwa pia kwamba chombo huzungushwa makusudi ili watu wapate uzito. Kwa hiyo siku kinapozunguka kupita kiasi hakuna haja ya mtu kutueleza hatari iko wapi. Picha inayosubiri dakika za mwisho ndipo imweke mtu aeleze kitufe kinafanya nini imeshachelewa.

Jambo la pili ni sauti. Mlipuko unaoonekana kwa nje hauna kishindo, maana huko hakuna hewa ya kubeba sauti. Kimya, kisha kinanda cha kanisa kinaanza kupanda. Ni kinanda halisi cha Temple Church, London, kwenye muziki wa Hans Zimmer, na kinaendelea kupanda mpaka vifungio vinashika. Doa lipo: muda mfupi kabla ya hapo Cooper na Mann wanakunjana kwenye barafu. Hiyo kashikashi ni dhaifu kuliko chochote kinachoifuata.

Sasa tatizo la nyumbani. Picha hii ina sifa ya muziki kumeza maneno, na malalamiko hayo yalianzia kwenye majumba ya sinema yenyewe. Ukiiweka kwenye TV ya kawaida yenye sabufa, hali inazidi. Sauti ya njia sita imepangwa hivi: maneno hukaa zaidi kwenye spika ya katikati. TV yako ina spika mbili, hiyo ya katikati haipo, na kifaa kikikosea kuchanganya, muziki unabaki mkubwa na mazungumzo yanakuwa ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, weka sauti ya dijitali itoke kama PCM (sauti isiyobanwa) au stereo (ya spika mbili), kisha rudisha besi ya sabufa hadi nusu. Watu wengi hufanya kinyume: wanaongeza besi ili picha "ipige", halafu wanalaumu waigizaji kwamba wananong'ona.

Maandishi ya chini nayo yana mtego wake. Picha nyingi hutembea kwa fremu (picha mojamoja) 23.976 kwa sekunde, lakini kuna mafaili ya maandishi yaliyotengenezwa kwa nakala ya fremu 25. Mwanzoni hutaona tofauti. Baada ya saa moja maandishi yameachana na mdomo kwa takriban dakika mbili na nusu, na ukifika kwenye kuunganisha vyombo ni zaidi ya dakika tano: unasoma yaliyomo kwenye tukio lingine kabisa. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ya kompyuta herufi G na H husogeza maandishi kwa milisekunde 50 kila unapobonyeza, ila hizo zinatibu maandishi yaliyochelewa kwa kiasi kilekile toka mwanzo. Yanayozidi kuachana kadiri picha inavyokwenda hayatibiki hivyo. Tafuta faili la fremu sahihi, na ulipime kwa kuruka hadi saa ya pili kabla wageni hawajakaa.

Gravity ya Alfonso Cuarón ni nyepesi kuipanga: dakika 91, watu wawili, na vipande vya setilaiti vinavyorudi kila baada ya dakika 90. Mwanaanga Ryan Stone anatega saa ya mkononi, na kuanzia hapo mtazamaji naye anahesabu. Mambo yanavunjika nyuma ya mgongo wake bila kelele yoyote; kinachosikika ni kile tu ambacho mwili au vazi lake limekigusa, na muziki wa Steven Price unaojaa kisha kukatwa ghafla kama umeme wa mtaani. Ndiyo maana usiwashe ile hali ya usiku ya kusawazisha sauti, inayopandisha sauti ndogo na kushusha kubwa. Ni nzuri kwa taarifa ya habari. Hapa inaua picha, kwa sababu pengo kati ya kimya na kelele ndilo linalofanya kazi ambayo kwingine hufanywa na bunduki. Na kilele chake hakiishii angani. Chombo kinatua ziwani, maji yanaingia, vazi linajaa, na mwanamke aliyepona kila kitu huko juu anakaribia kuzama hatua chache kutoka ufukweni. Mtu wa Kigamboni haelezwi maji ni nini.

Arrival ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza. Denis Villeneuve anamaliza picha ya vyombo 12 vya wageni na majeshi yaliyoshika silaha kwa simu. Simu tu. Louise Banks, mtaalamu wa lugha, anachukua simu ya ofisa, anajifungia, anampigia Jenerali Shang wa China kabla hajaamuru mashambulizi. Walinzi wanamtafuta, sekunde zinakwenda, naye hajui aseme nini. Jibu analipata kwenye tafrija ambayo bado haijatokea, anayoiona kwa maono ya siku zijazo: jenerali huyohuyo, miezi kadhaa mbele, anamwonyesha namba yake na kumnong'oneza maneno ya mwisho ya marehemu mkewe. Picha inaruka huku na huku, simu na tafrija, na kila mruko unampa neno moja zaidi. (Kuna bomu mapema kidogo, limetegwa na askari. Linapita haraka na halimalizi lolote.)

Maneno hayo anayasema kwa Kichina, na kwenye picha iliyotoka sinema hayakuwekewa tafsiri. Makusudi. Mtazamaji anaachwa asome uso wa jenerali.

Hapo ndipo nakala iliyotafsiriwa, ile yenye msimuliaji anayeeleza picha kwa Kiswahili juu ya sauti yake, inapovunja chombo. Tusielewane vibaya: wasimuliaji, Lufufu akiwa mmoja wao, wamewafungulia watu wa mji huu picha nyingi ambazo zingepita bila kueleweka, na kwenye picha ya mapigano msimuliaji mzuri huongeza utamu. Lakini kwenye Arrival ana makosa mawili yanayomngoja. La kwanza, kusema mapema kwamba maono ya mtoto wake, ambayo Louise huyapata katika picha nzima, ni ya siku zijazo. Akishasema, simu ile haina tena cha kufichua. La pili, kujaza kimya. Akimaliza kueleza kilichotokea, anaanza kueleza kitakachotokea, na pale kwenye Kichina anatunga. Kibanda chenye jenereta mlangoni na feni tatu darini nacho hakiifai, hata msimuliaji akiwa bubu. Iangalie nyumbani usiku baada ya bajaji kupungua, dakika 116, na maandishi ya Kiingereza kama sikio lako si jepesi.

Umeme ukikatika katikati ya yoyote kati ya hizi tatu, usiendelee pale ulipoachia. Rudi nyuma dakika 15 au 20. Picha ya ngumi unaweza kuidaka popote, hizi hubana polepole, na ukianzia kwenye kilele unaona mtu anabonyeza vitufe tu.

Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya ni ya dakika ishirini na kitu, na ndiyo ya kumjaribia mtu asiyeamini haya. Maji yamekwisha duniani baada ya vita, watu wanaishi ndani, na hata jasho hukusanywa likasafishwa kuwa maji ya kunywa. Hilo la jasho tunaonyeshwa mapema, bila hotuba, kama jambo la kila siku. Asha, steringi wa picha, anaotesha mche kwenye udongo alioletewa na asiyemjua, anautoa nje kwa siri, anatembea nao jangwani. Mwishoni anachimba kwa mikono, anaupanda, anaumiminia tone la mwisho la maji aliyobeba, kisha anakamua jasho lake mwenyewe juu yake, na kuulalia ili kuukinga na jua. Kwa mtu aliyeona chupa za mwanzoni, kila tone hapo lina bei. Hii inatosha kwenye simu, mradi uvae spika za masikioni. Maneno ni machache mno, na upepo wa lile jangwa hausikiki kwenye spika ya simu iliyoelekezwa mezani.