Redio ya FIRE: sauti za wanawake mikutanoni, na namna ya kuzisikiliza

Radio Internacional Feminista, redio ya wanawake maarufu kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, FIRE (Feminist International Radio Endeavour), ilianza Mei 1, 1991 nchini Costa Rica kupitia masafa mafupi ya kituo cha Radio for Peace International. Mwaka 1998 ikahamia kwenye intaneti. Kwa anayetaka kusikia wanawake walisema nini kwenye mikutano mikubwa ya haki, tunashauri aanzie hapa.

Kinachoipa thamani ni subira. Taarifa ya habari ya kawaida humpa mjumbe sekunde chache tu, tena huku mtangazaji akiongea juu yake. FIRE humwacha mwanamke aeleze jambo lake hadi mwisho. Chukua Beijing, Septemba 1995, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Serikali zilikutana mjini, Katibu Mkuu wa mkutano akiwa Mama Gertrude Mongella wa Tanzania, lakini mashirika ya wanawake yaliwekwa Huairou, kilomita 50 hivi nje ya mji. FIRE walitangaza kutoka Huairou. Aliyebaki ukumbi wa serikali alipata maazimio. Hoja zenyewe, pamoja na hasira na ushahidi, zilikuwa kule.

Upungufu wake ni lugha. Ni Kihispania na Kiingereza, na kwa msikilizaji wa Kiswahili hilo si dogo. Jukwaa la Jamii la Dunia (World Social Forum), mkutano mkubwa wa wanaharakati, lilipofika Kasarani, Nairobi, Januari 2007, moja ya habari kubwa ilikuwa getini: wakazi wa mitaa ya mabanda walipinga kiingilio cha shilingi 500 hadi milango ikafunguliwa. Habari ya namna hiyo haiko kwenye ratiba. Huipata mwenye maikrofoni anayeelewa wanachosema watu wa pale, na hapo ndipo redio zetu za jamii zinaweza kuipita FIRE.

Wanaotaka kutangaza wenyewe wajue matatizo huanzia wapi. Waifai ya ukumbi hugawanwa na mamia ya watu, na saa ya mjadala mkubwa ndiyo inapokatakata. Omba laini ya kebo, au uwe na modemu za mitandao miwili tofauti. Kasi ya kupandisha iwe angalau mara mbili ya ile ya matangazo, na muda wote rekodi kwenye kinasa sauti cha pembeni, kwa sababu kilichokatika hewani hakirudi. Sauti ichukuliwe kwenye mikisa ya ukumbi, yaani mashine ya kuchanganyia sauti. Maikrofoni ikiwekwa mezani hubeba viti, vikohozi na mwangwi. Jihadhari na chaneli ya wakalimani: ukiunganisha hiyo peke yake utaondoka na sauti ya mkalimani, na mama aliyekuja kusema hutamsikia kabisa. Weka sauti asili upande wa kushoto na ukalimani upande wa kulia, uchanganye baadaye.

Msikilizaji asiogope bando. Matangazo ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 kwa saa. Kwa mazungumzo matupu kilobiti 32 zinatosha, yaani nusu ya hapo. Matangazo ya moja kwa moja huchelewa sekunde kadhaa, mara nyingine hata 30, hivyo ukipiga simu studio zima spika kwanza, la sivyo utajisikia mwenyewe ukirudi na kila mtu atachanganyikiwa.

Rekodi za zamani ndizo zinazosumbua. Redio nyingi za mtandaoni za miaka ile zilihifadhi vipindi kwa RealAudio, aina ya zamani ya faili za sauti, na simu ya leo haivifungui. Ukipakua faili la .ram lenye ukubwa wa KB moja tu, usidhani limeharibika. Ndani yake mna anwani tu ya faili halisi. Lifungue kwa programu ya kuandikia maandishi, nakili anwani inayoishia .rm au .ra, ulipakue hilo, kisha ulicheze kwa programu ya VLC. Anwani ikianza na rtsp au pnm, jaribu kuibadilisha iwe http. Mara nyingi seva ya zamani imeshazimwa na hakuna kinachorudi.

Ukikwama hapo, wasikilize WINGS (Women's International News Gathering Service), wanaotengeneza vipindi vya habari za wanawake tangu 1986. Kipindi ni kama nusu saa, na faili zake za MP3 zinafunguka kwenye simu nyingi.