Noti, simu au kadi: ipi ibebe matumizi ya nyumbani hapa Kigoma?

Nimezipanga njia hizi kwa kigezo kimoja: ipi inakushtua mapema kwamba hela inakaribia kuisha.

1. Noti mkononi
Kwa chakula, hakuna inayoifikia. Pale mwaloni Kibirizi bei ya dagaa hupatana papo hapo, na mwenye hela mkononi ndiye anayepunguziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda hawafuati taa, mitumbwi mingi hulala nchi kavu na fungu linakuwa dogo. Kwa hiyo bahasha ya kitoweo mimi naijaza zaidi wakati wa giza, nanunua dagaa wakavu wa kuweka, kisha mbalamwezi inanikuta na akiba. Bahasha ya pili ni ya unga na mawese, ya tatu ya mengineyo. Gawa kwa wiki, usigawe kwa mwezi: bahasha ikiwa nyembamba siku ya Alhamisi, hata mtoto wa nyumbani anaona. Vunja noti za 10,000 kabla ya kwenda sokoni, maana chenji ikikosekana utaongeza kitu ambacho hukukipanga. Hofu yangu ni wizi tu, ndiyo maana sikai na hela ya zaidi ya wiki moja ndani.

2. Pesa ya simu
Nzuri kwa LUKU ya umeme, maji na ada, kwa sababu kila muamala unaacha ujumbe wa kusoma mwisho wa mwezi. Usitoe kidogo kidogo, makato yatakumaliza. Toa mara moja kwa wiki. Na tafadhali, jihadhari na ile huduma ya kukopeshwa pale salio lisipotosha. Hela ikiingia tu, deni linakatwa kabla hujaigusa.

3. Kadi ya benki
Hela ni yako mwenyewe, si mkopo. Inafaa kutunzia mshahara, si kwa matumizi ya kila siku.

4. Daftari la dukani
Kuandikiwa deni dukani nako ni mkopo. Mwenye duka anakujua, mara nyingi hatozi riba, ila ukishaandikwa huwezi tena kuchagua duka lenye bei nafuu. Iwe ni kwa sukari na sabuni tu, na mwisho wa wiki ufutwe.

5. Kadi ya mkopo
Ukilipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho ya benki, kwa kawaida manunuzi hayana riba. Tatizo ni kulipa kile kiwango cha chini tu ambacho benki inataka kila mwezi. Tuseme unadaiwa 400,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, ukalipa 20,000: 12,000 inamezwa na riba, deni linapungua 8,000 tu. Ukitolea fedha taslimu, riba huanza kuhesabiwa siku ileile. Namshauri kadi hii mwenye mshahara wa uhakika anayekata tiketi za ndege au kununua mtandaoni. Kwa nyumba inayokula kutokana na ziwa, hapana: tarehe ya benki haisubiri giza lirudi.