Preply au italki? Reviu ya ticha, sio ya mwanafunzi

Watu wanauliza sana wajiunge wapi wafundishe lugha mtandaoni, na jibu linalotoka mara nyingi ni "jiunge popote tu, wanafunzi wapo". Hapana aisee. Wanafunzi wapo kweli lakini haya majukwaa, Preply na italki, yanakata hela kwa namna tofauti kabisa, na usipoielewa hiyo hesabu utafundisha mwezi mzima halafu ukifungua akaunti unabaki unashangaa. Mimi nafundisha Kiswahili kwa wageni, kwahiyo hapa naongelea upande wa ticha tu, mambo ya kama apu ni nzuri kwa mwanafunzi wengine wameshaandika.

Nianze na Preply, hawa wapo tangu 2012. Somo la kwanza na kila mwanafunzi mpya, lile la majaribio, kamisheni yao ni asilimia 100, yaani wewe unafundisha na hela yote ni yao. Akiendelea ndo unaanza kulipwa, ila wanakata 33% mpaka ufikishe saa 20 za kufundisha, halafu inashuka 28, 25, 22, na ukipita saa 400 unabaki kukatwa 18%. Kwahiyo tuseme bei yako ni dola 10, ukiwa mgeni unaondoka na 6.70, ukishakuwa mzoefu 8.20.

italki ni wakongwe zaidi, wameanza 2007, na wao kamisheni ni 15% uwe umeingia leo au una miaka kumi, ile dola 10 inakuwa 8.50. Ukiangalia hivyo tu unasema italki kamaliza, maana hata baada ya saa 400 Preply bado hamfikii. Lakini subiri kwanza.

italki wana makundi mawili, ticha mwenye cheti au digrii ya ualimu, na mkufunzi wa kawaida ambaye hana vyeti ila lugha anaijua. Maombi wanafungua na kufunga kwa kila lugha kivyake, unaweza ukaenda leo ukakuta lugha yako imefungwa, na hapo hamna ujanja ni kuchungulia mara kwa mara. Preply hawakulazimishi cheti, ila ukisema unacho watataka kukiona. Wote wanataka video fupi ya kujitambulisha na kiukweli hiyo video ndo duka lako, watu wanahangaika kuandika profaili ndefu kama barua ya kuomba kazi wakati mwanafunzi anaangalia sekunde chache tu kama unaeleweka, sauti iko safi na una uso wa mtu anayeweza kukaa naye saa nzima. Taa iwe mbele yako sio nyuma, vaa earphone zenye maiki, kama router iko karibu tumia waya badala ya wifi. Basi.

Tofauti kubwa ninayoiona mimi ni hii, Preply mwanafunzi baada ya majaribio anajiunga kwa malipo ya kila wiki nne, anachagua masomo mangapi kwa wiki na hela inakatwa yenyewe. italki ananunua somo moja moja au kifurushi akitaka. Kwa hiyo Preply wanakubana sana mwanzoni lakini mwanafunzi akikupenda una kipato unachoweza kukipangia, italki wanakukata kidogo ila mtu anaweza kuchukua somo moja, akapotea, akaibuka baada ya muda kana kwamba hamna kilichotokea. Ndo maana nasema ishu sio jukwaa lipi lina kamisheni ndogo, ishu ni wewe unaweza kumbakisha mwanafunzi? Ticha anayepata watu wa majaribio wengi na hamna anayerudi, Preply anafanya kazi ya bure kabisa.

Na kumbakisha hakutokani na ucheshi peke yake jamani. Somo la majaribio wengi wanalimaliza kwa kujieleza wao, nimesoma wapi, nimefundisha nani, muda unaisha mwanafunzi hajafungua mdomo. Mimi namuuliza anataka lugha ya nini, kazi, mchumba, au anajifurahisha tu, halafu namwacha aongee. Akisema "mimi jana naenda kazini" simkatizi, namwacha amalize stori yake huku naandika kwenye sehemu ya kuchati "jana nilienda kazini", akimaliza tunarudi kwenye ile mistari mitatu minne, anaisoma kwa sauti, anatunga ya kwake. Dakika tano za mwisho namuonyesha wiki nne zijazo tutafanya nini. Huyo akitoka hapo anajua analipia nini.

Halafu wale mnaosema "mimi ni lugha yangu ya kuzaliwa, nitashindwaje", ngoja mwanafunzi akuulize mbona kitabu ni kikubwa lakini kiboko ni mkubwa, wakati vyote vinaanza na ki. Wewe umekuwa ukisema hivyo maisha yako yote bila kufikiria, sasa mtu wa watu amekulipa anasubiri jibu. Ukijibu "ndo tunavyosema" ameshaanza kutafuta ticha mwingine. Kaa na sarufi ya lugha yako kabla hujafungua kalenda, upatanisho wa ngeli, nyakati, viambishi, vyote.

Kwa Kiingereza tu kuna Cambly pia, wao wanalipa kwa dakika, senti 17 za dola, ambayo ni dola 10.20 kwa saa. Bei hupangi wewe na kazi kubwa ni kupiga stori, ni pazuri pa kuzoea kamera ila kukua hapo ni shida.

Kalenda nayo ina mambo yake. Marekani wanabadilisha saa Machi na Novemba, Ulaya mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, kwahiyo kuna wiki kadhaa wanafunzi wako wa pande hizo mbili wanasogea kwa nyakati tofauti na wewe upo palepale. Tuma ujumbe wiki moja kabla. Kuhusu kuahirisha, italki mwisho ni saa 24 kabla ya somo, na napenda wanavyoisimamia, maana kuna jukwaa jingine dogo nililipitia, jina naliacha, mwanafunzi asipotokea hela yote inarudi kwake na wewe umeshakaa mbele ya kamera umejipanga!

Nyota zangu, italki 4 kati ya 5, Preply 3 na nusu, na ile nusu ni kwa sababu ya yale malipo ya wiki nne. Kama unaanza kabisa na huna reviu hata moja, ingia yote mawili, weka bei ya kati maana bei ya chini kabisa inavuta wanaotafuta rahisi na hao ndo wa kwanza kuhama, ukipata watu wa kudumu pandisha kwa wapya kwanza.

Kitu kingine, njia ya kutoa hela. Kuna nchi PayPal inakuruhusu kutuma tu, kupokea hapana, na Payoneer, njia nyingine ya kupokelea hela mtandaoni, nao wana makato yao. Cheki hiyo leo, kabla hujarekodi hata video, na usitoe hela kidogokidogo kila wiki, makato yatakula kile ulichopigania kwenye kamisheni.